Uza, Nunua, Tosha: Maneno ya Vitufe na Mtumiaji wa Simu katika Kivu ya Kaskazini

1.0 UTANGULIZI

Biashara ya mtandaoni na utumaji wa fedha kwa simu ya mkononi ni shughuli zinazoendeshwa kwa maneno machache mno. Sokoni, mnunuzi huiona bidhaa, huuliza bei na kupatana na muuzaji; likitokea neno asilolielewa, huuliza tena. Katika skrini ya simu hakuna wa kuulizwa. Neno moja au mawili yaliyoandikwa juu ya kitufe ndiyo maelezo yote aliyopewa mtumiaji, na akishakibonyeza kitufe hicho, fedha zimehama.

Kwa sababu hiyo, wasanifu wa programu za simu hawashughulikii umbo na rangi peke yake. Huchunguza pia hali nzima anayoipitia mtu anapotumia kifaa: anachokiona, anachokielewa, anachokitarajia na kinachomkwaza. Hali hiyo itaitwa hapa tajiriba ya mtumiaji. Dhana hii ilienezwa na Donald Norman, mtaalamu wa saikolojia, alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Apple katika miaka ya 1990.

Madhumuni ya makala hii ni kuonyesha kwamba, kwa wasemaji wa Kiswahili, tajiriba ya mtumiaji ni suala la lugha kabla ya kuwa suala la ufundi. Mifano inatokana na Kiswahili cha Kivu ya Kaskazini, nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Huko, katika wilaya za Masisi na Walikale, Kiswahili ni lugha ya soko inayowaunganisha wasemaji wa Kihunde, Kinyanga, Kinyarwanda na lugha nyinginezo.

2.0 SIMU KAMA BENKI NA KAMA DUKA

Huduma ya M-Pesa ilizinduliwa nchini Kenya na kampuni ya Safaricom mwezi Machi 2007. Katika majaribio yaliyotangulia, lengo lilikuwa kuwawezesha wakopaji wadogo kurejesha mikopo yao. Ilionekana, hata hivyo, kwamba watu waliitumia huduma hiyo kutumiana fedha wao kwa wao, na wasanifu wakabadili mpango wao kufuatana na mwenendo huo. Funzo la kwanza la taaluma hii limo katika tukio hilo: mtumiaji ndiye anayefichua kazi halisi ya chombo.

M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na Kongo mwaka 2012. Huko Kongo ilikuta mazingira mengine. Kwanza, sarafu zinazotumika ni mbili, dola ya Marekani na faranga ya Kongo, kwa hiyo mtumiaji hulazimika kuchagua sarafu kabla ya kuchagua kiasi. Pili, jina lenyewe lilibadilika maana. Kwa msemaji wa Kiswahili pesa ni fedha. Kwa msemaji wa Kilingala, pesa ni amri ya kitenzi kopesa, yaani "toa" au "-pa". Bahati nzuri maana hizo mbili hazigombani. Si kila neno lina bahati hiyo.

Uzito wa jambo hili umeongezeka katika miaka ya karibuni. Mji wa Goma ulipotwaliwa na kundi la M23 mwezi Januari 2025, mabenki yalifunga milango, na fedha za simu zikawa tegemeo la watu wengi katika mji huo na vijiji vinavyoutegemea. Mtu aliyekuwa na hiari ya kutumia simu au kwenda benki alibaki na simu.

Aidha, wengi hawana simu zenye programu za picha. Hutumia menyu za maandishi zinazofunguliwa kwa alama ya nyota na namba fulani. Ujumbe mmoja wa menyu hizo hauzidi herufi 182, na mtumiaji akikawia kujibu, mawasiliano hukatika. Hapana nafasi ya kufafanua. Neno lililochaguliwa vibaya halina pa kusahihishiwa.

3.0 MANENO YALEYALE, MAANA TOFAUTI

Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya lahaja ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 ilihusu Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo ya Wabelgiji haikuwamo. Kiswahili cha Kivu kikaendelea kukua katika njia yake. Mtafsiri wa menyu anayefuata kamusi ya sanifu anaweza kuandika Kiswahili fasaha kabisa, na bado akampotosha msomaji wa Masisi. Mifano mitatu inatosha.

(a) Uza. Katika sanifu, kuuza ni kutoa bidhaa ili kupata fedha. Katika Kiswahili cha Kivu, kuuza ni kununua, na anayetoa bidhaa anauzisha. Chukuliwe mfano wa mkulima wa viazi wa Muheto anayefungua programu ya soko yenye vitufe viwili, "Nunua" na "Uza". Akitaka kununua mbegu, neno la kinywa chake ni uza. Atabonyeza kitufe cha pili, na bila kujua atakuwa ametangaza kwamba ana mbegu za kuuza. Kosa hili halitokani na kutojua kusoma. Amesoma sawasawa, kwa lugha yake.

(b) Tosha. Katika sanifu, kutosha ni kuwa na kadiri inayohitajika. Katika Kivu, kutosha ni kuondoa au kutoa: mtu hutosha viatu mlangoni, na hutosha franga kwa wakala. Ujumbe "Salio lako halitoshi" unanuia kueleza kwamba fedha zilizopo ni pungufu. Msomaji wa Kivu anaweza kuuelewa kwamba fedha zake zimezuiwa zisitolewe. Wa kwanza atatafuta nyongeza. Wa pili atadhani ameibiwa, au atamkabidhi mtu mwingine simu yake ili amsaidie.

(c) Kodi. Kwa Kifaransa, namba ya siri huitwa "code", na wasemaji wa Kongo hulitumia neno hilo katika Kiswahili chao. Likiandikwa kwa kuigiza matamshi ya sanifu, huzaa "kodi", ambayo ni ushuru au malipo ya nyumba. "Ingiza kodi yako" ni sentensi ya kumtia mtu hofu.

Hatari iliyo chini ya mifano hii ni moja. Mtumiaji asiyeielewa menyu humwomba wakala, jirani au mtoto wa shule amfanyie kazi hiyo, na ili afanyiwe humtajia namba ya siri. Hapo ulinzi wote uliosanifiwa na wahandisi unakuwa umevunjwa na kitenzi kimoja.

4.0 TATIZO LA UPATANISHO

Programu nyingi huandikwa kwanza kwa Kiingereza au Kifaransa. Mwandishi wake huweka sentensi moja yenye pengo, na kompyuta hulijaza pengo hilo kwa jina la bidhaa. Katika Kiswahili sanifu mbinu hiyo haifai, kwa kuwa kitenzi hufuata ngeli ya nomino: jibini imefika, viazi vimefika, maharage yamefika, mkaa umefika. Sentensi moja yenye "imefika" itakuwa sahihi kwa bidhaa moja na kuchekesha kwa tatu.

Ufumbuzi upo ndani ya lugha yenyewe. Pakitangulizwa nomino moja isiyobadilika, upatanisho hutulia: "Mzigo wako wa viazi umefika", "Mzigo wako wa maharage umefika". Kitenzi sasa kinapatana na mzigo, na pengo linaweza kujazwa kwa nomino ya ngeli yoyote. Mtaalamu wa sarufi aliyeshirikishwa mapema angeliona jambo hili kwa dakika chache. Likigunduliwa baadaye, hugharimu kuandika upya programu nzima.

5.0 MAPENDEKEZO

Kutokana na maelezo hayo, mambo manne yanapendekezwa.

Kwanza, vitufe vya fedha viepuke vitenzi ambavyo maana zake hupishana kati ya maeneo. Badala ya "Nunua" na "Uza" peke yake, kitufe kitaje mwelekeo wa fedha: "Nalipa" na "Nalipwa".

Pili, ujumbe wa kosa ueleze hali kwa namba. "Una faranga 3,000. Unataka kutuma faranga 5,000" hauhitaji kitenzi cha kutosha hata kidogo.

Tatu, kabla ya fedha kuhama, skrini ionyeshe jina la mpokeaji na kiasi, kisha imwombe mtumaji athibitishe.

Nne, maneno yajaribiwe mahali yatakapotumika. Mtumiaji aonyeshwe kitufe, asikibonyeze, bali aeleze kwa maneno yake anachotarajia kitokee. Jaribio hili halihitaji maabara; kivuli cha mti karibu na soko kinafaa.

6.0 HITIMISHO

Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na programu zinazotengenezwa Nairobi au Dar es Salaam zimefunguliwa njia pana zaidi ya kuwafikia wasomaji wa Goma, Masisi na Walikale. Hili halidai kwamba sanifu iachwe. Linadai kwamba msanifu asidhani kuwa neno likiwa sahihi katika kamusi limekwisha kuwa sahihi katika kiganja cha mtumiaji. Idara za Kiswahili zina wajibu hapa: utafiti wa lahaja, ambao mara nyingi umehesabiwa kuwa kazi ya kuhifadhi mambo ya kale, ndio unaoweza kumwokoa mkulima asipoteze mapato ya msimu mzima kwa kubonyeza mara moja.