Utangulizi: Mitetemo ya Fuwele na Programu Zinazoikokotoa

Kule Tabaka, Kenya, wachongaji hulisugua jiwe la sabuni kwa msasa na maji hadi ling'ae, kisha huliacha likauke. Ukilitazama utadhani limetulia, kumbe ndani yake kila atomu inatetemeka. Elimu ya mitetemo ya fuwele huchunguza mtetemo huo, na msingi wake ulishaupata shuleni: kani ni sawa na tungamo mara mchapuko.

Tuanze na fuwele. Hiki ni kitu ambacho atomu zake zimepangika kwa utaratibu unaojirudia. Chumvi ya jikoni ni fuwele. Talki, madini laini yaliyomo katika mawe mengi ya sabuni duniani, ni fuwele pia. Atomu za fuwele zimeshikamana, hivyo moja ikisogea huvuta jirani yake, na msogeo huo husafiri kama wimbi. Wimbi hilo la pamoja huitwa fononi. Fononi ndizo zinazosafirisha sehemu kubwa ya joto ndani ya jiwe.

Mwendo huu ni wa kasi ajabu. Katika talki, haidrojeni na oksijeni hutetemeka karibu mara trilioni 110 kwa sekunde. Kwa hiyo tunauiga kwa kompyuta: programu kama LAMMPS hukokotoa kani juu ya kila atomu, huisogeza kwa kanuni ile ya kani tuliyoanza nayo, ya Newton, kisha hurudia. Kila hatua huwakilisha takriban femtosekunde moja, yaani sekunde iliyogawanywa kwa milioni bilioni.

Hapa ndipo wengi hukwama, na si ajabu. Unachopata ni faili kubwa la kasi za atomu, mitetemo yote ikiwa imechanganyika, kana kwamba mpigaji amezikwaruza nyuzi zote nane za ala ya muziki ya obokano kwa pamoja. Ili kuitenganisha, tunauliza kwanza: kasi ya atomu sasa inafanana kiasi gani na kasi yake muda mfupi baadaye? Mfanano huo hupanda na kushuka. Ugeuzaji wa Fourier, hesabu inayotenganisha midundo iliyochanganyika, huugeuza kuwa grafu yenye vilele.

Mwaka 2017 Carreras, Togo na Tanaka walichapisha makala kuhusu DynaPhoPy, programu inayogawa kasi hizo kwa kila fononi kabla ya kuchora grafu. Napenda sana hatua hiyo, kwa sababu kila kilele sasa kina mwenyewe. Kilele kikihama, joto limebadilisha mtetemo. Kikitanuka, fononi hiyo inadumu muda mfupi zaidi.

Programu zote mbili hazilipiwi. Wala fani hii si ngeni Kenya: ASESMA, shule ya Afrika ya ukokotoaji wa miundo ya elektroni, ilifanyika Eldoret mwaka 2012.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, anza na silikoni, ambayo kipande chake kinachojirudia kina atomu mbili tu. Katika halijoto ya kawaida, mtetemo wake wa juu kabisa hupimwa karibu na terahezi 15.5, yaani mara trilioni 15.5 kwa sekunde. Kilele chako kikitokea mbali sana na hapo, angalia kwanza kama ulihifadhi kasi mara za kutosha.