Moshi wa Mafiga na Macho Mekundu

Mtu wa mjini akijisifu kwamba ajua kupika, na apelekwe shamba aonekane. Mjini moto hununuliwa. Gesi hufunguliwa kwa vidole viwili, makaa huletwa mlangoni ndani ya gunia, wala mpishi hana haja ya kujua ni mti gani uliokatwa ili chai yake ichemke. Sisi nasi tulikuwa miongoni mwa wajuzi hao, mpaka tulipofika katika kijiji kimoja baina ya Shinyanga na Geita, mbali na barabara ya lami, tukapikia kuni kwa muda wa siku tatu.

Hatutakitaja kijiji hicho, wala hatutamtaja bibi kizee aliyetupokea, kwa sababu ambayo msomaji ataiona mbele. Bibi huyo ni mjane aishiye na mjukuu wake mmoja mdogo. Usiku wa kwanza alishikwa na homa, na kulipokucha hapakuwa na mtu wa kuwasha moto ila sisi.

Jiko lake ni kibanda cha udongo kisichokuwa na dirisha, chenye mlango mfupi na mafiga matatu katikati. Kuni zilikuwa zimenyeshewa usiku. Tukapanga magogo makubwa, tukawasha, moto ukazimika. Tukawasha tena, tukapiga magoti na kupuliza, majivu yakaturukia usoni, na moshi ukakijaza kibanda tangu paa hata magotini. Bibi alitusikia tukikohoa, akasema toka kitandani mwake, "Moto haulazimishwi, mwanangu. Anza na vijiti, uuache upumue, ndipo uulete mti mkubwa." Tulimtii. Ugali ulipoiva ulikuwa na mabuje mengi, na yule mtoto alicheka kwa adabu, akala.

Siku ya pili kuni zilikwisha. Mtoto akatuongoza tukaokote nyingine, na kwenda na kurudi kulituchukua asubuhi nzima. Mzigo ambao wanawake wa kijiji wauchukua kichwani huku wakizungumza, sisi tuliutua mara nne njiani. Ndipo tulipofahamu kwamba kuni zisizokuwa na bei sokoni zina bei shingoni na mgongoni mwa mwanamke.

Siku ya tatu tulijitazama katika kioo kidogo tukashtuka. Macho yetu yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekesha msibani. Jirani waliokuja kumjulia hali mgonjwa walituona, wakatuambia, "Pole na moshi, mgeni." Hapana hata mmoja aliyefikiri neno jingine. Lakini walipokwisha kuondoka, bibi alitutazama kwa macho yake, ambayo yana wekundu wa miaka zaidi ya hamsini, akasema kwa sauti ya chini, "Macho yako wanayapa pole, mwanangu. Yangu wanayanong'onea."

Ndugu wasomaji, maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tushike kalamu. Katika nchi ya Usukuma, na katika sehemu nyingine za Tanzania, macho mekundu ya mwanamke mzee yamehesabiwa kwa miaka mingi kuwa alama ya uchawi, na wako akina mama waliokatwa mapanga usiku kwa ajili ya alama hiyo. Uchunguzi uliofanywa na serikali ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na mwaka 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa nchini kwa tuhuma za uchawi. Wengi wao walikuwa wanawake, na zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilitokea katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga kama mipaka yake ilivyokuwa wakati ule. Wala jambo hili halikukoma mwaka 1984. Katika miaka iliyofuata pia wazee wameuawa.

Serikali haikukaa kimya. Sheria ya Uchawi ipo tangu mwaka 1928. Mwaka 1976 ilifanyika operesheni kubwa ya kuwasaka wauaji katika Mwanza na Shinyanga, na katika operesheni hiyo watuhumiwa waliteswa na wengine wakafa mikononi mwa vyombo vya dola. Hayati Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu mwaka 1977 ili kuubeba wajibu wa makosa hayo, ingawa hakuyatenda kwa mkono wake. Twalikumbuka tendo hilo kwa heshima. Lakini twalikumbuka pia kwa funzo lake, nalo ni kwamba imani iliyomo moyoni haitolewi kwa rungu, na kwamba anayemtesa mtuhumiwa ili kuwalinda wazee aongeza damu juu ya damu.

Hebu basi tuulize, macho hayo huwaje mekundu? Mwanamke huanza kuwasha moto akiwa binti mdogo, naye huendelea mpaka nguvu zimwishe. Katika sehemu za Shinyanga ambako miti iliadimika, wanawake wamepikia mabua ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe, ambayo moshi wake wachoma kuliko wa mti mkavu. Na miti haikuadimika kwa miujiza. Tangu miaka ya 1920 mapori yalifyekwa ili kumfukuza mbung'o. Baadaye mashamba ya pamba na wingi wa mifugo vikamaliza sehemu iliyosalia. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa HASHI, nao haukuleta hekima ya kigeni, bali uliwarudisha wananchi kwenye ngitili, yaani desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho na kuyaacha yapumzike. Katika miaka kama ishirini hivi ardhi zaidi ya hekta 300,000 ilirudi kuwa na miti na majani. Hii ni kazi ya wananchi wenyewe, na yafaa kusifiwa.

Lakini kuni zikiwa karibu, moshi bado ni ule ule. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba moshi wa majumbani waua watu karibu milioni 3 kila mwaka duniani, na serikali yetu imekuwa ikitaja vifo 33,000 kwa mwaka hapa nchini. Mwezi wa Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye shabaha ya kuwafikia Watanzania asilimia 80 ifikapo mwaka 2034. Shabaha hiyo ni njema. Ila mtungi wa gesi hauna budi kujazwa tena, na mjane asiyekuwa na fedha ya chumvi hatakuwa na fedha ya kuujaza. Kwa mtu kama huyo jiko banifu la udongo lenye bomba la kutoa moshi nje, lijengwalo kwa mikono ya vijana wa kijiji, laweza kufika kabla ya gesi. Wilayani Magu wako waliokwisha kuwafundisha wazee kujenga majiko ya namna hiyo, wakijua vema kwamba walinda macho na roho pamoja.

Labda msomaji mmoja atasema kwamba jiko halitaiondoa imani ya uchawi. Twakubali. Macho mekundu mara nyingi ni kisingizio tu. Nyuma yake huwapo shamba la mjane linalotamaniwa na jamaa za marehemu, au mtoto aliyekufa kwa malaria ambaye wazazi wake waliambiwa na mpiga ramli watafute adui. Na katika ukanda wa dhahabu wa Geita, ambako ardhi yaweza kupanda thamani kwa siku moja, na ambako baadhi ya wachimbaji wadogo huenda kwa waganga kununua bahati, tamaa na ramli zimekaa jirani. Mwezi wa Januari 2015 serikali iliwapiga marufuku wapiga ramli. Marufuku hiyo yahitaji watu wa kuisimamia vijijini, na watu hao ndio sisi.

Kwa hiyo kazi ni mbili, na moja haiingoji nyingine. Kazi ya kwanza ni kuutoa moshi katika vibanda vya mama zetu. Ya pili ni kumlinda mjane katika haki ya shamba lake, na kusema wazi, mbele ya mkutano wa kijiji, kwamba wekundu wa macho ni ugonjwa wa moshi, na pengine trakoma, na kwamba dawa yake iko zahanati. Mwalimu aweza kulisema hili darasani. Kiongozi wa tawi aweza kulisema mkutanoni. Mchimbaji aweza kulisema shimoni, mahali ambapo maneno ya wenziwe huaminiwa kuliko hotuba zetu. Tulikwisha kuambiwa zamani kwamba adui zetu ni ujinga, maradhi na umaskini. Katika kibanda kile tuliwakuta wote watatu wameyazunguka mafiga.

Sisi tulirudi mjini, na baada ya siku nne macho yetu yalikuwa meupe. Bibi yetu alipona homa, na asubuhi tuliyoondoka tuliuona moshi ukitoka katika mlango wa jiko lake. Wewe ufanyaye kazi mjini au mgodini, likizo ijapo, ufikapo kwenu usiketi barazani ukingoje chakula. Ingia jikoni upike siku tatu. Kisha toka nje na macho yako mekundu, ukae karibu na mama yako mahali ambapo kijiji chote kitawaona pamoja. Na kabla ya kurudi kazini umjengee jiko.