Hodi katika Riwaya za Kamba

Mwaka 1972 mwandishi wa Marekani, Kathleen Woodiwiss, alitoa riwaya ya mapenzi iitwayo The Flame and the Flower. Mapema kabisa nahodha wa meli anambaka msichana aliyeletwa ndani ya chombo chake. Mwishoni msichana yuleyule ni mkewe, na msomaji anatarajiwa kushangilia ndoa yao. Kitabu kiliuzwa kwa mamilioni na kikazaa waigaji wengi. Katika riwaya hizo “hapana” ya mwanamke ilikuwa maringo tu, na wala tusijifanye wageni wa mtindo huo, maana hata katika nyimbo zetu na hadithi za magazetini anayekataa mara ya kwanza huhesabiwa kuwa anajivuta. Sasa tazama jambo la pili. Mwaka 1993, mjini Toronto, duka la vitabu la Glad Day lilitiwa hatiani kwa kuuza Bad Attitude, jarida la wanawake wapendanao lenye hadithi za kufungana na kuamriana. Wahusika wa hadithi iliyobishaniwa walikuwa wameridhiana, lakini mahakama ikaona kuwa ridhaa hiyo haiwaokoi. Bakora iliangukia hadithi yenye makubaliano, ilhali ile ya ubakaji ilijaa kwenye rafu za maduka.

Nimeanza na wanawake, ila ninayetaka kumzungumzia ni binamu wa hadithi hiyo, yaani riwaya ya mapenzi baina ya wanaume, hasa tawi lake lenye kamba, amri na utii, na maumivu yanayotakwa na yule anayeumizwa. Kiswahili hakina jina moja lililozoeleka kwa tawi hili, basi niziite riwaya za kamba. Watu wengi wakizisikia hudhani ni uchafu uliovalishwa jalada. Mimi nadai kwamba tawi hili, linalodharauliwa kuliko mengine, ndilo lililolazimika kuandika waziwazi kile ambacho riwaya za kawaida zilikiruka kwa muda mrefu: nani ameomba, nani amekubali, na nani ana uwezo wa kusimamisha. Mswahili hupiga hodi mara tatu. Asipoitikiwa huondoka, hata kama mlango u wazi na sauti za watu zinasikika ndani. Mwandishi wa riwaya za kamba hawezi kuikwepa hodi hiyo. Katika mapenzi ya kawaida msomaji atakubali kwamba wawili walitazamana tu wakaelewana. Kamba ikishatokea, kutazamana hakutoshi. Lazima watu wazungumze, wawekeane mipaka, wakubaliane neno la kusimamisha, na mazungumzo hayo yenyewe yanageuka kuwa sehemu yenye joto kuliko zote.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Jarida la Drummer lilianzishwa Los Angeles mwaka 1975 kwa ajili ya wanaume wa mavazi ya ngozi, na baada ya polisi kuvamia sherehe yao mwaka uliofuata likahamia San Francisco. Humo ndimo John Preston alimotoa kwa mfululizo, kati ya 1979 na 1980, riwaya ya Mr. Benson, inayosimulia kijana anayejisalimisha kwa bwana tajiri. Ni hadithi ya ndoto, na ndoto haiombi ruhusa kila hatua. Kisha mambo mawili yakabadilisha kalamu. La kwanza lilitoka kwa wahusika wa maisha halisi: chama chao cha New York, GMSMA, kiliandika mwaka 1983 kanuni ya usalama, akili timamu na ridhaa, ambayo ilienea ulimwenguni. La pili lilikuwa UKIMWI. Mwaka 1985 Preston huyohuyo alihariri Hot Living, mkusanyo wa hadithi za mapenzi zilizokusudiwa kuonyesha kwamba kujikinga kunaweza kuwa na utamu wake. Vipeperushi vya kliniki vilikuwa vikitisha. Hadithi ilimwonyesha msomaji jinsi ya kulitamka jambo hilo kwa mwenzake bila kuua hamu. Preston alifariki kwa ugonjwa huo mwaka 1994.

Mkondo mwingine ulitoka kwa wanawake. Mwaka 1974 kijarida cha mashabiki wa tamthilia ya Star Trek kilichapisha hadithi fupi ya Diane Marchant, ambamo nahodha Kirk na msaidizi wake Spock ni wapenzi, ingawa hakuthubutu kuwataja majina. Kutokana na alama ya mkwaju iliyowekwa kati ya K na S, aina nzima ya fasihi ikapata jina. Mwanafasihi Joanna Russ aliandika mwaka 1985 kwamba wanawake walikuwa wakitumia miili ya wanaume wawili kuwazia mapenzi ambamo hakuna aliyepangiwa nafasi ya chini na jinsia yake. Hoja hiyo bado ina nguvu. Kati ya mwanamume na mwanamke mila imeshagawa vyeo kabla hadithi haijaanza. Kati ya wanaume wawili, anayetawala na anayetii lazima waamue wenyewe, na uamuzi huo unaonekana. Wapo wanaume wapendanao wanaolalamika kwamba maisha yao yamegeuzwa pambo la wanawake, na malalamiko hayo yana chembe ya kweli. Taasisi ya Lambda ya Marekani ilijaribu mwaka 2009 kuzifungia tuzo zake kwa waandishi wa jamii hiyo tu, ikalegeza mwaka 2011. Nadhani ilifanya vyema kulegeza, kwa sababu kosa la hadithi mbovu ni uvivu wa kuwajua watu wake, na uvivu hauna jinsia.

Mashabiki haohao ndio waliobuni kitu ambacho wachapishaji wakubwa hawakuwa nacho. Katika hifadhi yao ya mtandaoni, Archive of Our Own, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2009 na leo ina kazi zaidi ya milioni 10, hadithi hubeba lebo mlangoni: kama kuna ubakaji, ukatili wa wazi au kifo cha mhusika mkuu, mwandishi hutaja, au hutangaza kwamba ameamua kutotaja, ili msomaji aingie akijua. Kwa hiyo hodi ni mbili. Wahusika hupigiana hodi ndani ya hadithi, na mwandishi humpigia hodi msomaji kabla ya ukurasa wa kwanza. Mwaka 2019 hifadhi hiyo ilipata tuzo ya Hugo, na haki ilitendeka.

Hapo ndipo pingamizi zito linapoingia, na sitalipita kando. Hadithi nyingi humo hazina ridhaa kabisa, au zina ridhaa yenye utata. Zipo zinazotaka msomaji aonje woga na fedheha bila kuokolewa. Je, lebo inatosha? Kwa upande wa msomaji mtu mzima naona inatosha, maana ridhaa inayohesabika ni ya mtu aliye hai anayesoma, ambaye anaweza kufunga kitabu. Wahusika wa karatasi hawaumii. Lakini sitadai kwamba kila moja ya hadithi hizo ni nzuri. Hata zile zenye ridhaa hukosea zinapoigeuza kuwa fomu ya kusainiwa ukurasa wa 30 na kusahauliwa. Ridhaa ya kweli hubadilika saa hadi saa. Tajiri na maskini wanapokubaliana, kila mmoja ana sababu zake, na mwandishi hodari huiacha wazi shaka hiyo.

Dola haina subira na shaka. Nchini China, mwaka 2018, mahakama moja mkoani Anhui ilimhukumu mwandishi anayejulikana kwa jina la kalamu Tianyi kifungo cha miaka 10 na miezi 6 kwa kuuza riwaya za mapenzi baina ya wanaume, nakala zaidi ya 7,000. Sheria iliyotumika ilipima kosa kwa idadi ya nakala zilizouzwa. Kwetu Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni kwa sababu ilisimulia ngono, japo msomaji yeyote aliyeifikisha mwisho anajua jinsi inavyowahuzunikia wasichana wake. Uganda, tangu mwaka 2023, inaweza kumfunga miaka 20 anayepatikana na hatia ya kuhamasisha mapenzi ya jinsia moja. Mwandishi wa Kampala anayefikiria riwaya ya aina hii anajua kwamba hatari inamngoja kabla hata ya kamba kutajwa.

Na mara nyingi kinachowaudhi wakaguzi ni furaha. E. M. Forster aliiandika Maurice mwaka 1913 na 1914, akashikilia kwamba wanaume wawili wapendanao wa riwaya hiyo wabaki pamoja. Riwaya ikakaa sandukuni hadi mwaka 1971, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Miaka 47 baadaye Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya iliipiga marufuku Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu ya wasichana wawili wa Nairobi iliyotokana na hadithi ya Mganda Monica Arac de Nyeko. Haina kamba wala utupu. Kahiu alieleza kwamba alitakiwa abadilishe mwisho wa filamu hiyo, uliokuwa na matumaini kupita kiasi, naye akakataa. Septemba 2018 Mahakama Kuu iliisimamisha marufuku kwa siku saba, na katika siku hizo saba watu wa Nairobi walipanga foleni kununua tiketi.