Flashi Ina Nafasi, Lakini Inakataa

Flashi ya zamani ya GB 2 inaweza kugoma kupokea picha ilhali zaidi ya nusu yake iko tupu. Wengi hudhani imeingiwa na virusi. Huenda kilichojaa ni orodha ya majina.

Katika mpangilio wa FAT16, folda ya juu kabisa, ile inayofunguka kwanza, kwa kawaida hutengewa mistari 512 tu, picha ziwe kubwa au ndogo. Na tangu Windows 95 iruhusu majina marefu, kila herufi 13 za jina refu hula mstari wa ziada, juu ya ule wa faili lenyewe. Picha yenye jina la herufi 40 humeza mistari 5. Zikifika mia moja na ushee, orodha imekwisha! HARUSI1.JPG hutumia mmoja.

Dawa ni kutengeneza folda nyingine ndani na kuzihamishia picha humo, kwani kikomo hicho hakiigusi.

FAT32 ililegeza kamba: folda ya juu hukua, ingawa hakuna folda inayovuka mistari 65,536. Kinachoudhi wapenzi wa filamu ni kingine: faili moja haliwezi kufikia GB 4. Hapo flashi hufomatiwa upya kuwa exFAT, baada ya kunakili vilivyomo kwingine, maana kufomati hufuta vyote.