Kabla ya Ramadhani, tuifungue kamba ya kahawa

KATIKA mji wa Makambako, pale barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma inapoachana na ile iendayo Njombe na Songea, usiku hauna kimya. Malori huegesha na kuondoka, reli ya TAZARA inapita hapo hapo, na tangu mabasi ya abiria yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, wasafiri hushuka na kupanda saa zote. Mahali kama hapo, kikombe cha kahawa chungu huwa silaha ya kupigana na usingizi.

Ukipanda kilomita zipatazo 60 hadi Njombe, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, baridi ya Juni na Julai hukufundisha thamani ya kikombe cha moto. Huku ni nchi ya chai: mashamba ya Luponde, Kibena na Lupembe yanajulikana mbali. Chai ya rangi asubuhi, chai ya maziwa jioni, na mgeni akibisha hodi birika hurudi jikoni.

Ndugu msomaji, vinywaji hivi ni halali na ni katika neema za Mola wetu. Lakini kila mwaka, siku ya kwanza ya Ramadhani, wapo wanaoshika vichwa kabla hata ya Adhuhuri, wakadhani ni ukali wa njaa. Wengi wao hawaumwi na njaa. Wanaumwa na kikombe walichokikosa.

Kahawa na ibada

Historia ya kahawa haiko mbali na misikiti. Katika karne ya 15, masufi wa Yemen waliinywa ili wakeshe katika dhikri. Ilipofika Makka, ilizua mjadala mkubwa: mwaka 1511, mtawala wa mji, Khair Beg, aliwakusanya wanazuoni na matabibu, akaipiga marufuku. Amri hiyo haikudumu, kwani Sultani aliyekuwa Cairo hakuiunga mkono kikamilifu, na hatimaye wanazuoni walio wengi wakaihesabu kahawa kuwa halali.

Basi swali letu leo si la halali na haramu. Swali ni hili: je, sisi ndio tunaoitumia kahawa, au yenyewe ndiyo inayotutumia?

Katika Hadithi iliyopokewa na Anas bin Malik, na kuthibiti kwa Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) aliingia msikitini akakuta kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akaambiwa kuwa ni ya Bibi Zainab, ambaye alipochoka katika sala hujishikiza nayo. Mtume akaamuru ifunguliwe, akafundisha kuwa mtu asali akiwa na uchangamfu, na akichoka aketi. Kahawa nayo yaweza kuwa kamba. Mwenye kujishikiza nayo kila siku husahau kusimama kwa miguu yake.

Kinachotokea mwilini

Kilichomo ndani ya kahawa ni kafeini. Tunapokuwa macho, ubongo hukusanya kidogo kidogo kemikali iitwayo adenosini, ambayo ndiyo hutuletea usingizi. Kafeini huziba milango ambamo kemikali hiyo hufanyia kazi. Kwa hiyo kahawa haiondoi uchovu, inauficha tu.

Kwa mtu mzima, mwili huchukua wastani wa saa 5 kuondoa nusu ya kafeini iliyonywewa. Anayekunywa saa kumi jioni, saa tatu usiku angali na nusu yake mwilini. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013 ulionyesha kuwa miligramu 400 za kafeini, hata zikinywewa saa 6 kabla ya kulala, zilipunguza usingizi kwa zaidi ya saa moja. Huyo ndiye asiyesikia adhana ya Alfajiri, kisha huamka akaomba kahawa nyingine.

Mwili uliozoea nao hudai. Maumivu ya kichwa, uchovu na hasira huanza kati ya saa 12 na 24 tangu kikombe cha mwisho, hufikia kilele siku ya kwanza au ya pili, na huweza kuendelea hadi siku 9. Mfungaji anayekasirikia watoto wake mchana wa Ramadhani yafaa alikumbuke hili kabla ya kuisingizia saumu.

Chai nayo ni kamba

Kwa watu wa Njombe ipo tahadhari ya pekee. Kuacha kahawa na kukimbilia chai ya majani si kuacha kafeini. Kikombe kikubwa cha kahawa kina takriban miligramu 80 hadi 100, na cha chai 30 hadi 50. Mwenye kunywa vikombe vitano vya chai amekunywa kahawa bila kujua. Soda za kola na vinywaji vya kuongeza nguvu vimo katika hesabu hiyo hiyo.

Wataalamu wa Ulaya walieleza mwaka 2015 kuwa mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 400 kwa siku, na mama mjamzito 200. Aidha, chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga yasifyonzwe vizuri. Kwa mama mjamzito na mtoto anayekua, hilo si jambo dogo.

Mbadala uko jikoni

Akina mama hawahitaji kwenda mbali. Mchaichai uliochemshwa, tangawizi iliyopondwa, mdalasini, hiliki na maua ya rozela havina kafeini. Maziwa ya moto na uji wa ulezi hushibisha na kutia joto kwa pamoja. Anayetamani uchungu wa kahawa akaange shayiri hadi iwe kahawia iliyoiva, aisage, aichemshe na kuichuja. Shayiri ni nafaka inayohusishwa na talbina, uji unaotajwa katika Hadithi za Bibi Aisha kuwa hutuliza moyo wa mgonjwa.

Ama kuacha, kusiwe kwa ghafla. Anza mwezi wa Shaaban: punguza kikombe kimoja kila baada ya siku tatu au nne, anza na kile cha jioni, na mahali pake weka kinywaji kingine cha moto, kwani mazoea ya mkono nayo hudai haki yake. Mwenye maradhi amuulize daktari wake kwanza.

Na kwa ndugu zetu madereva wa Makambako: hakuna kinywaji, kiwe na kafeini au kisiwe nayo, kinachoweza kushika nafasi ya usingizi. Macho yakizidiwa, egesha gari ulale. Roho zilizo nyuma yako ni amana, na Mtume (S.A.W.) alitufundisha kuwa mwili una haki juu ya mwenyewe.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuifikie Ramadhani tukiwa na miili iliyopumzika na nyoyo zilizo huru. Amin.