Motokaa na Mizigo Yake

Katika mazungumzo haya twapenda kueleza jambo ambalo watu wengi hulikumbuka baada ya kulipa fedha, si kabla yake: nafasi ya mizigo katika motokaa. Mtu anunuaye motokaa huuliza habari za injini, huuliza yanywa petroli kiasi gani, hupiga matairi teke, hufungua milango na kuifunga apate kusikia mlio wake. Ile buti huitazama mara moja tu, akasema, "Kubwa," yakawa yamekwisha. Nasi tulifanya vivyo hivyo, na tutaeleza yaliyotupata.

Chuo chetu cha ualimu kilikuwa na saluni moja, motokaa nzuri ya milango minne, na buti yake yafungwa kwa ufunguo. Jioni moja mvulana wa shule ya mazoezi alianguka kutoka juu ya mwembe, akavunjika paja. Hospitali ilikuwa mbali, kilometa 30 na zaidi, na njia ni ya udongo. Mganga wa zahanati alimfunga mguu kwa mabanzi, akatuonya kwamba usikunjwe hata kidogo. Tukafungua mlango wa nyuma wa saluni, tukajaribu kumwingiza kwa kichwa, kisha kwa miguu. Haikuwezekana. Kiti cha nyuma kilikuwa na upana wa kiasi cha sentimeta 130, na yule mvulana pamoja na mabanzi yake alizidi hapo. Nyuma ya kiti buti ilikuwa tupu, yaweza kulaza mbuzi wawili, lakini kati ya buti na kiti palikuwa na ukuta wa bati. Basi tukasimama pale na taa mikononi. Motokaa tunayo, petroli tunayo, na mgonjwa analia juu ya mkeka.

Mwishowe tulimtuma mtu mbio kwa mwenye duka wa kijijini, aliyekuwa na steshenwagoni kuukuu iliyopauka rangi. Akaja, akateremsha magunia yake ya chumvi, akakilaza kiti cha nyuma, akatandika godoro, na mvulana akaingia mzima mzima kama mkate katika tanuri. Mguu ulipona, ingawa si haraka. Lakini saa moja na nusu ilikuwa imepotea, na kama angekuwa mtu anayetokwa na damu nyingi, saa moja na nusu ni muda mrefu sana.

Mwaka uliofuata chuo kilipata fedha za kununua motokaa nyingine, nasi tukawa katika kamati ya kuichagua. Mwalimu mtunza fedha alileta karatasi mbili za wauzaji. Katika ya kwanza, ya saluni, iliandikwa kwamba buti yake ni lita 480. Katika ya pili, ya steshenwagoni, iliandikwa lita 450. "Walimu wenzangu," akasema, "hesabu haidanganyi. Saluni imeshinda kwa lita 30, na bei yake ni nafuu." Wengi wakaitikia. Sisi tuliokuwa tumeshika taa usiku ule hatukuitikia, bali kwa wakati ule hatukuwa na maneno ya kumjibu. Tukaomba juma moja tulichunguze jambo lenyewe.

Kwanza yafaa kujua lita hizo zapimwaje. Lita ni kipimo cha vitu vya kumimina, nasi wa vijijini twaelewa upesi zaidi tukihesabu kwa debe. Debe la kale la mafuta ya taa lilikuwa la galani nne, yaani lita 18 na kidogo. Kwa hiyo buti ya lita 450 ni kama madebe 25 ya maji. Lakini ni nani apakiaye maji matupu butini? Maji huingia katika kila pembe na kila mfuo, ambapo sanduku haliwezi kuingia. Kwa sababu hiyo wenye viwanda vya motokaa huko Ujerumani waliweka kanuni ya kupima kwa vipande vidogo vyenye urefu wa sentimeta 20, upana wa sentimeta 10 na kimo cha sentimeta 5. Mwanafunzi akizidisha ataona kwamba kila kipande ni sentimeta 1,000 za mchemraba, ndiyo lita moja kamili. Vipande hivyo hupangwa butini mpaka kisiingie hata kimoja zaidi, kisha huhesabiwa. Marekani wana desturi nyingine: hutumia masanduku ya safari ya ukubwa mbalimbali, na kujumlisha yale yaliyopata kuingia. Basi buti ile ile moja yaweza kupata hesabu moja kwa vipande, ya pili kwa masanduku, na ya tatu iliyo kubwa kuliko zote kwa maji, wala hakuna aliyesema uongo. Mtu akilinganisha hesabu ya namna moja na hesabu ya namna nyingine, ni kama kulinganisha kibaba na pishi.

Tena tuligundua kwamba zile lita 450 za steshenwagoni zilipimwa hadi kwenye pazia la kufunikia mizigo tu, kiti cha nyuma kikiwa kimesimama. Juu ya pazia palikuwa na nafasi nyingine mpaka kwenye paa, na kiti kikilazwa nafasi ilizidi mara tatu. Saluni ilikuwa imesema yote iliyo nayo. Steshenwagoni ilikuwa imesema nusu.

Hata hivyo lita si neno la mwisho. Tulichukua gunia la mahindi la kilo 90, tukaenda nalo kwa muuzaji, naye akatustaajabia. Lita moja ya mahindi makavu ina uzito wa kiasi cha gramu 720, hivyo gunia lile lilikuwa kama lita 125. Kwa hesabu ya ubao, buti ya lita 480 yachukua magunia matatu na kitu. Kwa hesabu ya mikono, tulipata kuingiza moja tu, na hilo kwa jasho, maana mdomo wa buti ya saluni ni mwembamba na kizingiti chake ki juu; gunia halina budi kuinuliwa mpaka kifuani na kisha kuteremshwa ndani kama ndoo kisimani. Ndani palikuwa papana, lakini mlango haukuwa mpana. Wajengao nyumba wanalijua jambo hili: kitanda hakilali chumbani kwa sababu chumba ni kikubwa, hulala kwa sababu kilipita mlangoni.

Na kama magunia matatu yangeingia, je, yangechukulika? Matatu ni kilo 270. Weka na watu watano wa kilo 70 kila mmoja, ni kilo 350 tena, jumla 620. Saluni ya kawaida haikuundwa kuchukua uzito huo. Nyingi huruhusiwa kilo 400 au 500 hivi, watu na mizigo pamoja, na kiasi chenyewe huandikwa katika kitabu cha motokaa au katika kibati kilichopigiliwa mwilini mwake. Aghalabu hakuna akisomaye kibati hicho. Kinyume chake, gunia la mkaa au godoro la pamba hujaza motokaa kabla uzito haujatimia. Kwa hiyo mkulima wa mahindi na muuza magodoro hawatafuti motokaa moja.

Hapa twaomba wanafunzi wachore mstari, maana hili ni somo la wenzo walilofundishwa. Chukua motokaa ambayo kutoka gurudumu la mbele mpaka la nyuma ni meta 2.5. Weka mzigo wa kilo 200 butini, meta moja nyuma ya gurudumu la nyuma. Gurudumu hilo huwa ndilo egemeo. Mzigo huisukuma chini sehemu ya nyuma, na kwa hiyo huinua ya mbele: kilo 200 mara meta 1, gawanya kwa meta 2.5, ni kilo 80. Yaani magurudumu ya mbele yamepunguziwa kilo 80, na ya nyuma hayakuongezewa kilo 200 tu, bali 280. Dereva huona usukani umekuwa mwepesi mkononi, naye hufurahi. Haifai kufurahi, maana ni matairi ya mbele hayaishiki njia. Taa humulika miti badala ya barabara. Na motokaa nyingi za siku hizi zaendeshwa kwa magurudumu ya mbele, nazo zikifika kwenye mlima wenye matope huzunguka hapo hapo.

Wafaransa waliounda Peugeot 504 walilifahamu vizuri. Saluni yake ilitoka mwaka 1968, na kutoka gurudumu hadi gurudumu ilikuwa meta 2.74. Walipounda steshenwagoni yake hawakuongeza bati nyuma tu, kama mtu anayeongeza kibanda ubavuni mwa nyumba. Waliyasogeza magurudumu ya nyuma mpaka meta 2.90, wakatia ekseli nzima isiyokatika, na springi mbili kila upande badala ya moja. Kwa hivyo sehemu kubwa ya mzigo ilikaa kati ya magurudumu, si nyuma yake. Wazee wa Kenya waikumbuka 504 kwa mashindano ya Safari, iliyoshinda mwaka 1975 na tena mwaka 1978, lakini aliyesafiri kwa teksi za Peugeot baina ya miji aikumbuka zaidi kwa mabenchi yake matatu. Namna ile ya mabenchi matatu ilikuwa na ila moja: benchi la tatu likikaliwa, mizigo hupanda kwenye keria juu ya paa. Na mzigo wa juu huifanya motokaa kuwa kama mtu aliyebeba mtungi kichwani akikimbia kona.

Wengine walitafuta nafasi kwa njia nyingine. Volkswagen ile ya mgongo wa kobe ilikuwa na injini nyuma, hivyo buti ikawa mbele, ikigawana chumba na tangi la petroli na tairi la akiba; tusikae hapo. Mini ya Waingereza, iliyotoka mwaka 1959, iliwekewa injini ya kulala kwa upande, na ijapokuwa urefu wake ulikuwa wa futi kumi tu, watu wanne waliingia. Honda Fit ya mwaka 2001 iliwekwa tangi la petroli chini ya viti vya mbele, ndiyo maana kiti chake cha nyuma chaweza kuinuliwa kama kiti cha kunjo, na mche wa mti au meza ndogo ikasimama wima hapo. Kwa upande mwingine, siku hizi mjini Dar es Salaam motokaa nyingi hubadilishwa ili zitumie gesi asilia, na mtungi wa gesi huwekwa butini. Mwenye motokaa aokoa fedha za petroli, naye alipa kwa nafasi.

Wasomaji wengi watakuwa wakingoja tuitaje Toyota Probox, nasi hatuwezi kuikwepa, maana imejaa katika njia za Kenya na Tanzania. Ilitoka Japani mwaka 2002, imeundwa kwa wafanyabiashara wachukuao vifaa vyao, wala si kwa uzuri. Ndani, kiti cha nyuma kikilazwa, sakafu ni tambarare na urefu wake ni wa kiasi cha sentimeta 180. Na ile iliyoundwa kuwa ya mizigo ina fundisho zuri katika vipimo vyake: wakikaa watu wawili mbele, yaruhusiwa kilo 400 za mzigo, wakikaa watano, kilo 250 tu. Ni motokaa ile ile na springi zile zile. Tumeona kwa macho yetu zikichukua watu tisa na magunia juu, na wenyewe husifu kwamba haikuvunjika. Haikuvunjika leo.

Tusiisifu steshenwagoni kupita haki. Buti ya saluni hufungwa, wala mwizi haoni kilichomo. Katika steshenwagoni kila apitaye sokoni aona mfuko wako kiooni. Katika njia ya vumbi hewa hujipinda nyuma ya motokaa na kulivuta vumbi liingie kwenye mlango wa nyuma, hata walimu wakafika wamekuwa wekundu. Na jambo lililo kubwa zaidi, hakuna ukuta kati ya mzigo na shingo za watu. Motokaa iendayo kilometa 50 kwa saa, ikigonga mti na kusimama katika nafasi ya nusu meta, debe la kilo 20 lililo huru nyuma hupiga mbele kwa nguvu ya karibu kilo 400. Kwa hiyo mzigo mzito ulazwe chini, uegemezwe kwenye mgongo wa kiti, ufungwe kwa kamba kwenye pete za sakafuni kama zipo. Wala mtu mzima asichukuliwe huko nyuma kwa desturi. Tulimlaza mvulana yule kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine, na mwenye duka aliendesha polepole mno.

Juma lilipokwisha tulirudi mbele ya kamati na vitu vitatu: mwanzi uliokatwa kwa urefu wa sentimeta 180, karatasi yenye maneno ya kibati cha kila motokaa, na hesabu ya gunia. Mwalimu mtunza fedha aliutazama mwanzi, akauliza ni wa nini. Tukamwambia ni urefu wa mtu aliyelala. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza bei ya steshenwagoni yaweza kupunguzwa kiasi gani. Ilipunguzwa kidogo tu, nasi tukaikubali. Mwanzi upo ghalani hata sasa, na majirani wanaokwenda kununua motokaa huja kuuazima.