Uwajibikaji wa Kijamii katika Kampuni za Usafi na Utunzaji wa Majengo

Istilahi za uendelevu na uwajibikaji wa kijamii aghalabu hufafanuliwa kwa mifano ya viwanda vitoavyo moshi au mashamba yanyunyiziwayo dawa. Kampuni za huduma za majengo, yaani zile zinazofagia, kulinda, kukarabati na kuzoa taka katika majengo ya wengine, hazitajwi sana. Hali yao ni ya kipekee. Jengo si lao, wala umeme na maji si yao. Walicho nacho ni watu na mkataba. Kwa hiyo uwajibikaji wao haupimwi kwa miche waliyopanda mbele ya kamera, bali kwa masharti ya mkataba huo.

Mwenye jengo hutangaza zabuni, na mara nyingi anayetaja bei ya chini ndiye hushinda. Maadamu sehemu kubwa ya gharama za usafi ni mishahara, bei inaposhuka hakuna pa kupunguza ila ujira, idadi ya wafanyakazi au saa zao za kazi. Mwenye jengo akiulizwa, husema kuwa wafanyakazi hao ni wa mkandarasi. Mkandarasi naye husema kuwa bei iliamuliwa na mwenye jengo. Lawama hupigwa danadana, msafishaji akabaki na ufagio wake.

Danadana hiyo ilikatizwa jijini London. Mnamo mwaka 2001, TELCO, muungano wa makanisa, misikiti, shule na vyama vya wafanyakazi wa mashariki ya jiji hilo, ulianza kudai ujira unaokidhi maisha, kiwango kinachozidi kima cha chini cha kisheria. Mwaka 2003, msafishaji wa zamu ya usiku katika makao makuu ya benki ya HSBC alisimama katika mkutano wa wanahisa na kumweleza mwenyekiti ugumu wa kulea familia kwa mshahara wake. Ikumbukwe kwamba hakumkabili mwajiri wake. Alimkabili mteja wa mwajiri wake, kwa kuwa ndiye aliyeshika mfuko.

Chuo Kikuu cha Queen Mary, kilichoko upande huohuo wa jiji, kilikubali kulipa ujira huo mwaka 2006, na mwaka 2008 kikawaajiri wasafishaji moja kwa moja. Utafiti ulioongozwa na Profesa Jane Wills wa chuo hicho ulibainisha kwamba huduma iliimarika ilhali gharama ziliongezeka kidogo tu. Kwa kampuni za usafi, matokeo hayo ni onyo zaidi ya faraja: kampuni isiyotoa chochote ila bei ya chini yaweza kuondolewa na pengo lisionekane.

Mazingira nayo hayatenganishwi na mfanyakazi. Usafi ukifanywa mchana, kama ilivyozoeleka katika nchi za Skandinavia, taa za ghorofa tupu hazihitaji kuwaka usiku, na msafishaji hurejea nyumbani magari yangalipo. Saa za kazi, hata hivyo, hubadilika tu iwapo mteja amekubali.

Nchini Kenya, Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 huagiza taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza. Kazi hiyo huangukia mikono ya msafishaji, na huwa bure iwapo mapipa yote humwagwa katika lori moja. Kuna pia suala la kemikali, ambalo wanafunzi wa lugha wanapaswa kulizingatia. Dawa ya kung'arisha yenye klorini ikichanganywa na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya sumu. Onyo hilo huandikwa kwenye chupa, mara nyingi kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo mno. Isitoshe, dawa hununuliwa kwa madumu makubwa, ikagawiwa wafanyakazi katika chupa za soda zisizo na kibandiko chochote.